Nani Amekanyaga kwa Limi?

Kabla habari haijafika ofisi ya kata ya Chanzuru, huwa imeshapita kwa Selestina ikanywa chai. Mgahawa wake una meza nne na mabenchi manane, lakini siku ya gulio watu hukalia mpaka ndoo zilizopinduliwa, na hakuna anayelalamika, maana wali wa Selestina mtamu na maneno yake yamekolea kuliko mchuzi. Nani kaposa, nani karudishiwa posa, dawa gani ya kuku imemaliza kuku wa watu, yote utayapata pale pamoja na chapati.

Ndiyo maana wahitimu wenzake wa Shina walipotafuta mtu wa kukusanya habari za wahitimu wa Kilosa, hawakuhangaika hata kupiga kura. Shina ni programu ya uongozi wa kilimo. Inachukua wakulima na wafugaji, inawafundisha mwaka mzima mambo ya udongo, mbegu na jinsi ya kuendesha mkutano bila kutukanana, halafu inawarudisha vijijini kwao wakaongoze wengine. Kila Agosti, Nanenane ikishapita, wahitimu wa miaka yote hukutana Mikumi kusomeana habari. Nani kachimba bwawa, nani kawa diwani, nani kafungua duka la mbegu. Zikishasomwa, zinachapwa kwenye jarida, na mtu anabandika ukurasa wake ukutani kama picha ya harusi.

Ila Shina wana sheria yao moja ambayo wageni huicheka. Habari ya mtu haisomwi mpaka mhitimu mwingine asimame aseme, "Nimekanyaga." Maana yake, nimefika kwenye shamba lake kwa miguu yangu, sikusimuliwa. Darasa la kwanza walikuwa wanakuja mkutanoni na viatu vyenye udongo wa shamba wanalolitolea ushahidi, hawavioshi, na kabla mtu hajafungua mdomo watu wanamtazama miguuni. Siku hizi wanatumiana picha kwenye simu, wanasimama na viatu vinavyong'aa, wanasema "nimekanyaga" hata kama barabara tu hawajavuka. Sheria nyingine ndiyo yenye meno. Ambaye habari yake haikusomwa miaka miwili mfululizo, jina lake linafutwa.

Mwaka huu kulikuwa na jina moja linaning'inia. Limi wa Msowero, mama Kija, mfugaji. Mwaka jana hakufika Mikumi kwa sababu alikuwa kwao Shinyanga kwenye msiba wa mama yake. Mwaka huu asipopata wa kumkanyagia, basi tena. Na halikuwa jina peke yake. Serikali ya kijiji ilikuwa imeiazima Shina shamba la ekari mbili kando ya mto, litumiwe na mhitimu wake, na Limi alilima pale na wanawake kumi, nusu wa wakulima na nusu wa wafugaji. Jina likifutwa, shamba linarudi kijijini. Na aliyekwisha kuandika barua ya kuliomba alikuwa anajulikana.

Mwenye barua hiyo, Ditram, mwenyekiti wa wahitimu wa Kilosa, aliingia mgahawani Jumanne, siku nne kabla ya mkutano, akaagiza supu.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Selestina alisema huku anafuta meza.

"Marahaba, Mama Loveth. Orodha yako ya habari imekamilika?"

"Bado Limi tu. Hana shahidi."

"Basi imekamilika." Ditram alikamua ndimu kwenye bakuli lake mpaka ganda likasinyaa. "Kila mtu mwenye akili anajua kwa nini hana shahidi."

Benchi la nyuma wakaitikia kama kwaya. "Hawa watu wa ng'ombe bwana!" "Mpunga wa Mwenyekiti si waliula wakaumaliza?" "Wangeula wangu, mbona tungezikana!" Tumwagile peke yake, mhitimu mwenzao ambaye nyumba yake na ya Ditram zinatenganishwa na ua wa miti tu, aliinamia sahani yake akawa anachambua maharage kama anatafuta mawe.

"Nilikuwa nawaza niende kesho kutazama," Selestina alisema. "Ndiyo kazi mliyonipa."

"Usiende."

"Eti?"

"Nimesema usiende, Mama Loveth. Hapa wanakula wakulima. Wakisikia umekwenda kumkanyagia mfugaji, utabaki na masufuria yako." Akanywa supu, akasifu pilipili, akaondoka.

Mtu mzima yule, na ameishi na Selestina kata moja miaka thelathini, hakujua kwamba kumwambia Selestina asiende mahali ni sawa na kumpa nauli.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hilo Selestina hakumwambia mtu. Habari ya mpunga ilizaliwa mezani kwake. Mwezi wa tatu Ditram alikuja asubuhi amevimba macho, akasema ng'ombe wameingia kwenye mpunga wake kule mtoni wamelala na shamba zima, na kwamba ni wa yule Msukuma, nani mwingine. Selestina aliipokea habari ile kwa mikono miwili. Hakuongeza uongo, hapana, aliongeza ng'ombe. Saa ya chai walikuwa kumi. Saa ya wali wakawa ishirini na tano. Jioni lilikuwa kundi zima na vijana watatu wenye fimbo. Watu walikuwa wanaagiza chapati ya pili ili wasikilize tena, naye, jamani, nani hapendi nyumba iliyojaa?

*

Bodaboda ilimshusha Msowero Jumatano saa nne. Alivaa gambuti zake za bustanini, za kijani, akaifuata njia ya mifugo mpaka alipoona zizi la miti na miiba katikati ya shamba lililokwisha kuvunwa. Limi alikuwa ndani ya zizi na mwanamke mwingine, wanang'oa nguzo.

"Shikamoo, dada," Limi alisema. Heshima ilikuwepo, tabasamu halikuwepo.

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za hapa?"

"Za hapa si unazo wewe? Sisi huwa tunazisikia zikirudi kutoka kwako." Akaegemea nguzo. "Leo umekuja kuchukua kuni za kupikia?"

Mwenzake akacheka kwa pua. Selestina aliinua mguu mmoja, akaonyesha gambuti.

"Nimekuja kukanyaga," alisema.

Limi alimtazama usoni, akatazama gambuti, akamfungulia mlango wa miiba. "Kanyaga basi. Usiruke ruke, kanyaga."

Akakanyaga. Mavi ya ng'ombe yalimfika kwenye kifundo. Limi alimwonyesha kazi yao bila madoido, kama mtu anayemwonyesha fundi paa linalovuja. Mahindi yakishavunwa, ng'ombe wanaingizwa shambani wanakula mabua, na usiku wanalala kwenye zizi hilohilo. Kila baada ya siku tatu zizi linahamishwa hatua chache, mpaka shamba lote limelaliwa. Hakuna anayebeba samadi kichwani, ng'ombe wanaipeleka wenyewe. Mwaka wa kwanza mahindi yalikuwa yanamfika mtu magotini. Mwaka huu waliyavuna kwa kunyoosha mikono. Mbolea ya dukani hawakutia hata kiganja.

"Nyie ni wangapi sasa?" Selestina aliuliza.

"Tulikuwa kumi na mmoja. Tumebaki wanne. Wengine waume zao waliwakataza baada ya habari ya mpunga." Limi alinyanyua nguzo begani. "Na huyu hapa ni wa tano, kama unahesabu vilema."

Mtamba mwekundu alikuwa anakuja nyuma ya wenzake akiuburuta mguu wa nyuma. Pajani alikuwa na kovu refu, panga limepita pale likaacha ngozi imejikunja kama mdomo. "Siku ya pili tu baada ya habari yako kufika huku. Walimkata machungani mchana kweupe. Hatukwenda kulipiza. Mume wangu alitaka, mimi nikamwambia nimesomea uongozi, kaa chini."

Selestina alimshika mtamba shingoni. Mnyama alisogea pembeni, akaogopa mkono wake.

"Ng'ombe wako wako wangapi wote, Limi?"

"Kumi na wanne. Wako hapo, hesabu."

Selestina alihesabu, na alipofika wa kumi na nne macho yake yalivuka zizi yakatua kwenye mto. Ng'ambo ya mto ulionekana mpunga wa Ditram, majaruba yake yamekauka sasa. Upande huu, kwenye shina la mkuyu, maji ya masika yalikuwa yameacha mstari wa tope na takataka, juu kuliko kichwa cha mtu.

"Mto huu ulifurika lini?"

"Mwezi wa tatu. Wiki nzima. Hata bodaboda hazikuvuka."

Selestina aliujua ule mwezi wa tatu. Wiki ile alipika wali bila mchicha wala nyanya, kwa sababu mboga zake zinatoka Msowero, na aliutukana mto huu kwa jina mbele ya wateja wote. Wiki hiyohiyo Ditram alikuja na habari ya mpunga. Vitu hivyo viwili vilikaa kichwani kwake miezi mitano, jirani kwa jirani, havijawahi kusalimiana.

"Ulikuwa umefurika," alisema polepole. "Na ng'ombe wako walikuwa huku."

"Niliwaambia wote. Nilisema, ng'ombe wangu wana mabawa? Nani alinisikiliza? Habari ilikuwa imeshashiba kwako, yangu ikaja na njaa."

"Ng'ambo kule kulikuwa na ng'ombe wa nani, basi?"

Limi aliichomeka nguzo kwenye shimo jipya, akaishindilia udongo kwa kisigino. "Muulize Tumwagile, anaishi kule. Mimi sisemi ambalo sijaliona. Hapo ndipo tunapotofautiana mimi na wewe."

*

Ukumbi wa Mikumi ni wa hoteli iliyo kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakipita, vioo vinatetemeka. Sakafu ni marumaru nyeupe. Selestina alifika amevaa kitenge chake kizuri cha zambarau na kubeba salfeti. Mlangoni akaketi, akavua viatu vya kanisani, akatoa gambuti. Mavi yalikuwa yamekauka yakapasuka pasuka, lakini harufu ilikuwa hai na yenye afya njema.

"Mama, na hizo huingii," mlinzi alisema.

"Mwanangu, hizi ndizo zilizoalikwa. Mimi nimezisindikiza tu."

Akaingia. Kila hatua iliacha kipande kwenye marumaru. Watu waliokuwa wanachekeana wakageuka, wakafuata miguu yake kwa macho mpaka alipokaa, mstari wa mbele, pembeni ya Tumwagile.

"Selestina, umerukwa na akili?" Tumwagile alinong'ona.

"Bado. Nisogezee hiyo soda."

Mratibu wa Shina, Lupakisyo, kijana mwenye miwani na subira nyingi, alianza kusoma habari. Ya kwanza ilikuwa ya Ditram: ekari kumi za mpunga, mfereji mpya, mfano wa kuigwa. "Nani amekanyaga?" Bwana mmoja mwenye viatu vyeupe kama maziwa akanyanyuka, akasema amekanyaga, akakaa. Makofi. Zikaja nyingine sita au saba, hivyo hivyo. Halafu Lupakisyo akasafisha koo.

"Limi, wa Msowero. Shamba la pamoja la wakulima na wafugaji. Nani amekanyaga?"

Limi alikuwa mstari wa mwisho, mikono imelala mapajani. Lori likapita, vioo vikatetemeka. Ditram alikuwa ameshaanza kunyanyuka ili aseme tuendelee.

"Mimi," Selestina alisema. Akasimama. "Nimekanyaga kwa Limi, na mnanusa wenyewe."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na miguno. Ditram alibaki amesimama.

"Mratibu, huyu mama anatuchafulia mkutano. Ushahidi wake haufai. Yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza Chanzuru nzima kwamba ng'ombe wa huyu mwanamke wamekula mpunga wangu. Leo anamsafisha?"

"Ni kweli nilitangaza," Selestina alisema. "Na nilitangaza vizuri, si mnanijua? Niliwaanza ng'ombe kumi nikawafikisha kundi. Ninyi mliokaa pale mlikula chapati zangu na mkazipeleka habari zangu makwenu. Sasa nimekwenda kutazama. Ng'ombe wa Limi ni kumi na wanne, wanakaa upande wa Msowero. Mpunga wa Mwenyekiti uko ng'ambo ya mto. Wiki ile mto ulikuwa umefurika, mimi nilipika bila nyanya, nani hakumbuki nilivyotukana? Ng'ombe wasingevuka. Nilisema uongo niliopewa na nikautia viungo. Na kwa uongo huo mtu alikwenda kumkata panga mnyama asiye na kosa, nimeliona kovu lake kwa macho haya. Habari hiyo nayo andika, Mratibu. Andika na jina langu."

 Lupakisyo alivua miwani akaifuta.

"Maneno matupu!" Ditram alisema. "Kama si wa kwake, ni wa nani?"

"Hilo sijaliona, sisemi. Lakini sheria ni sheria, nami nina swali." Selestina akageukia watu. "Wanashina, kwa Mwenyekiti nani amekanyaga? Sisemi picha, nasema mguu. Wewe kaka mwenye viatu vya maziwa, shamba la Ditram liko kulia au kushoto kwa mto?"

Yule bwana alitazama viatu vyake. Akatazama dari. "Liko... liko pale pale mtoni," alisema, na ukumbi mzima ukamcheka hata wale wa upande wa Ditram.

Hapo ndipo Tumwagile aliposimama. Alisimama kwa tabu, kama mtu anayenyanyuka na gunia mgongoni, na hakumtazama jirani yake.

"Mimi ni jirani wa Mwenyekiti, nami kwake sijakanyaga, sijawahi kukaribishwa," alisema. "Lakini maksai wake wanne wa kulimia wamekanyaga kwangu. Wiki ile ya mafuriko walikata kamba, wakala mchicha wangu wote, kisha wakaingia kwenye mpunga wa Mwenyekiti mwenyewe. Niliwafukuza mimi mwenyewe kwa mwiko. Nikanyamaza kwa sababu ya ujirani. Nisameheni. Ujirani gani huu."

Ditram alisema Tumwagile ana chuki naye, akasema wanawake wamepangana, akasema mkutano umetekwa. Kila alichosema kilitoka kidogo kuliko cha kwanza. Mwishowe akachukua kofia yake, akatoka na wanaume saba, na mlangoni akageuka.

"Tutaona huo wali utamuuzia nani!"

"Njoo uone!" Selestina alimjibu. "Mlango hauna kufuli!"

Lupakisyo alivaa miwani. Alisema ya mwenyekiti imekosa shahidi, itangoje mwaka ujao. Alisema ya Limi ina shahidi, na shahidi ana udongo, kwa hiyo mwenye habari aje aisome mwenyewe. Limi akaja mbele kwa kuruka vipande vya mavi, akasoma sentensi sita tu, sauti kavu, bila kumlaani mtu. Aliposema "tumebaki wanne, na nafasi za wengine saba hatujazifunga," watu walipiga makofi mpaka lori lililokuwa linapita halikusikika.

Nje, Selestina alimfuata akiwa bado na gambuti miguuni.

"Limi, mdogo wangu..."

"Asante ya mguu umeipata, dada," Limi alisema. "Ya mdomo bado."

"Haya. Nitaidai."

"Usidai. Ifanyie kazi."

*

Jumatatu Selestina aliamka kama kawaida, akapima mchele uleule wa siku zote, sufuria kubwa, hakupunguza hata kikombe. Binti yake Loveth alimwambia, "Mama, pika nusu, watu hawatakuja," naye akamwambia ashike mwiko na anyamaze. Kabla ya kufungua alipigilia msumari juu ya mlango, akazitundika gambuti pale, bila kuziosha, mahali ambapo kila anayeingia lazima ainamishe kichwa kidogo asizigonge.

Saa ya chai walikuja watu watatu. Wawili wa benchi la nyuma walipita barabarani wakiwa wametazama mbele kama wanajeshi wa gwaride. Selestina akatoka akawapungia mkono.

"Shemeji zangu, kwani shingo zinauma? Supu ipo!"

Saa ya wali walikuwa tisa. Tumwagile alikuja kutoka mtoni na kikapu cha nyanya, akaketi kwenye meza aliyozoea kukaa Ditram, nafasi ileile, akaagiza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Wali uliobaki Selestina aliugawa kwa majirani, sahani kwa sahani, na kwa kila mlango alieleza kwa nini umebaki. Kesho yake akapima uleule tena.

Ijumaa, siku ya gulio, mwendesha bodaboda mmoja wa Kilosa mjini aliinamia gambuti, akaingia, akakaa. Alikuwa amesikia kuna kisa, na alitaka kukisikia kwa mwenyewe. Kwenye kona, Limi, na kidumu chake cha maziwa miguuni, alikuwa anakunywa chai bila haraka. Alikuwa ameingia bila salamu nyingi, na hakuwa amemwelekea mtu, ila sikio lake lilikuwa kwa Selestina.

"Mama, ile habari ya ng'ombe na mpunga," kijana wa bodaboda alisema. "Hebu tupe. Ng'ombe walikuwa wangapi?"

Benchi likasogea karibu. Nyumba ilikuwa karibu kujaa, na ulimi wa Selestina ulianza kuwasha, kama mguu wa mchezaji akisikia ngoma. Akaweka sahani mezani.

"Wanne," alisema. "Maksai, wa Ditram."

"Wanne tu? Mimi nilisikia ishirini na tano!"

"Ulisikia kwangu. Nilikosea. Wanne."

Saa ya wali wakamuuliza wengine, akasema wanne. Jioni, benchi la nyuma liliporudi likiwa limenuna na lina njaa, na mmoja wao akamchokoza kwamba anaogopa kusema ukweli wote, Selestina alimpakulia wali, akamwongezea maharage, akampiga jicho.

"Wanne, shemeji. Na kesho ukija, watakuwa wanne. Kula."